Bhagavata Mela: kinachofufuliwa Melattur ni nini hasa?

Alfajiri inakaribia. Kwenye jukwaa lililo mbele ya hekalu la Varadaraja Perumal, katika kijiji cha Melattur kusini mwa India, wanaume kadhaa wamemshika mwenzao kiunoni na mabegani na hawathubutu kumwachia. Amefunga tangu asubuhi iliyopita. Usoni ana barakoa ya simba, macho yametoka, meno yako nje. Barakoa hiyo haikai stoo pamoja na nguo na mataji ya kuigizia. Hutunzwa kama kitu kitakatifu, hufukiziwa, huombewa, na anayeivaa hujiandaa kama mtu anayeingia katika ibada, kwa sababu ndiyo anayoiingia. Pumzi zinampanda, mwili unamtetemeka, na kila mara anataka kumrukia mtu aliyesimama mbele yake akiwa na taji la kifalme na masharubu makubwa.

Kwa Kiswahili tungesema amepandisha. Wenyeji wa Melattur wasingelipenda sana neno hilo, maana kwao aliyemshukia jirani yao si pepo. Ni Narasimha, Mungu Vishnu katika umbo la nusu mtu nusu simba. Baadhi ya watazamaji wamesimama na mikono imekutanishwa kifuani. Hakuna anayepiga makofi.

Sanaa hii inaitwa Bhagavata Mela. Bhagavata ni mja wa Vishnu, mela ni kundi la watu waliokusanyika. Ni tamthilia ya usiku kucha yenye ngoma, nyimbo na mazungumzo, inayochezwa na wanaume peke yao, hata nafasi za malkia na mabinti. Kila inapoandikwa habari zake, neno halikosi: imefufuliwa. Kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa ikizimika na kufufuliwa, kizazi hadi kizazi. Nimelifikiria sana neno hilo, na nadhani linaficha mambo mengi kuliko linavyoyafunua. Anayeufufua wimbo hajaufufua usiku ambao wimbo uliimbwa. Anayeokoa hatua za ngoma hajamwokoa anayezicheza, wala sababu iliyomtoa nyumbani kwake aje kuzicheza.

Tuanze na hadithi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mfalme Hiranyakashipu alijitesa kwa ibada ngumu mpaka akapewa kinga ya ajabu: asiuawe na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Akajiona yeye ndiye mungu, akaamuru aabudiwe yeye peke yake. Mwanawe mdogo, Prahlada, akakataa. Mtoto huyo alitupwa baharini, alikanyagishwa tembo, alipewa sumu, na kila mara alibaki mzima huku akilitaja jina la Vishnu. Mwishowe baba akamuuliza kwa dharau: huyo Mungu wako yuko hata ndani ya nguzo hii? Mtoto akajibu, yuko. Baba akaipiga nguzo, nguzo ikapasuka, akatoka Narasimha: si mtu, si mnyama. Ilikuwa magharibi, si mchana wala usiku. Akamburura mfalme hadi kizingitini, si ndani wala nje, akamlaza mapajani, si ardhini wala angani, akamuua kwa kucha zake.

Hii ndiyo Prahlada Charitramu, mchezo mkuu wa Melattur. Huchezwa siku ya Narasimha Jayanti, siku ya 14 ya nusu angavu ya mwezi wa Vaisakha, ambayo kwa kalenda yetu kwa kawaida huangukia Mei. Mwezi unakuwa umebakiza usiku mmoja tu kuwa mpevu. Joto la Tamil Nadu, jimbo iliko Melattur, wakati huo ni kali mno, na usiku ndiyo nafuu pekee. Siku zinazofuata huchezwa michezo mingine: Harischandra, mfalme aliyepoteza ufalme, mke na mwana kwa sababu hakutaka kusema uongo, Markandeya, kijana aliyeandikiwa kufa mapema, Usha, binti aliyempenda mtu aliyemwona ndotoni.

Sasa kuna fundo la kwanza. Melattur iko katika wilaya ya Thanjavur, kwenye mashamba ya mpunga ya delta ya mto Kaveri, katikati kabisa ya nchi ya Kitamil. Michezo hii yote iko katika Kitelugu. Ilikuwaje?

Mwaka 1565 dola kubwa ya Vijayanagara ilishindwa vibaya katika vita vya Talikota. Familia nyingi za Wabrahmani (tabaka la makuhani wa Kihindu), wasomi na wasanii, wasemaji wa Kitelugu, zilihamia kusini, ambako Thanjavur ilitawaliwa na Wanayaka, nao ni Watelugu. Mtawala Achyutappa Nayak akawapokea. Masimulizi ya kijiji yanataja familia 510 zilizopewa nyumba na shamba ili ziendelee na elimu, ibada na sanaa bila kuhangaikia chakula. Msomaji wa Pwani ataelewa haraka nikisema ulikuwa mfano wa wakfu: ardhi inazaa, mazao yanalisha watu, watu wanalitunza lile lililowekewa wakfu. Ikumbuke ardhi hii, tutairudia.

Karne mbili baadaye, kijijini hapo akatokea Venkatarama Sastri, aliyeishi zama moja na Tyagaraja, mtunzi mkubwa kuliko wote wa muziki wa Karnataki, yaani muziki wa kale wa India Kusini, ambaye maskani yake Tiruvaiyaru hayako mbali. Sastri alitunga tamthilia zipatazo 10, na hizo ndizo zinazochezwa mpaka leo. Mashairi yake yamepangwa katika raga, yaani mipangilio ya sauti za muziki wa Kihindi, kila mhusika ana wimbo wake wa kuingilia, na mwigizaji hulazimika kuimba, kusema na kucheza mwenyewe. Ni mzigo mzito. Mtu anaweza kuwa mcheza ngoma hodari akashindwa Bhagavata Mela kwa kukosa sauti, au kwa Kitelugu cha kuungaunga.

Na watazamaji je, wengi wao wakiwa Watamil? Swali hili halinisumbui sana. Maulidi ya Barzanji yamesomwa kwa Kiarabu kuanzia Lamu hadi Kilwa mbele ya watu wengi ambao hawawezi kutafsiri mstari mmoja, na bado wanajua ni wapi pa kusimama na ni wapi machozi yanatoka. Melattur ni hivyo hivyo. Kila mtu anakijua kisa tangu utotoni. Bibi aliyeketi mkekani hasubiri kujua kitakachotokea; anasubiri kitokee tena.

Usiku wenyewe una utaratibu wake. Sanamu ya Mungu hutolewa hekaluni na kuelekezwa jukwaani, kwa hiyo mtazamaji wa kwanza ni yeye. Kwenye saa nne au saa tano za usiku anaingia Konangi, mchekeshaji mwenye kofia ndefu, akirukaruka na kuwataka watu watulie. Baada yake wanaingia waimbaji na wapigaji: ngoma ya mridangam, fidla, filimbi, na matoazi yanayoshikilia mwendo wa miguu. Kisha anatokea Ganapati, mungu wa mwanzo mwema, naye huwa ni mtoto mdogo wa kijijini aliyevalishwa kichwa cha tembo. Anacheza kidogo, anabariki, anaondoka. Hapo ndipo mchezo unapofunguliwa.

Wahusika wakuu huingizwa nyuma ya pazia linaloshikwa na watu wawili kwa mikono. Kwanza unasikia njuga. Halafu unaona miguu chini ya kitambaa, halafu wimbo unakueleza huyu ni nani, ukoo wake, majivuno yake, na pazia likiondoka tayari umeshamjua. Mfalme Hiranyakashipu anaweza kuchukua muda mrefu katika kuingia tu. Atakayeharakisha sehemu hii amekiua kitu, kwa sababu ukatili wa baadaye hauna maana kama hukuuona kwanza ufahari. Hivyo hivyo kwa Lilavati, mama wa Prahlada, aliyebanwa kati ya mume na mtoto. Anayemwigiza ni mwanamume, pengine wa makamo, na kwa dakika chache za mwanzo unaliona hilo. Baadaye unamwona mama anayeamriwa ampe mwanawe sumu, na basi.

Sasa turudi kwenye ardhi. Mfumo huu ulisimama juu ya miguu miwili: jumba la mfalme na shamba la mpunga. Mguu wa kwanza ulivunjika polepole. Mwaka 1799 Waingereza waliuchukua utawala wa Thanjavur kutoka kwa mfalme Serfoji wa Pili wakamwachia heshima na jumba. Mwaka 1855 mwanawe alipofariki bila mrithi wa kiume, wakalifuta na hilo. Wasanii wa jumba wakatawanyika, wengi wakaelekea Madras, jiji ambalo leo ni Chennai. Mguu wa pili ulidumu zaidi, lakini shule za Kiingereza na reli zilishaanza kuwavuta vijana wa Kibrahmani kwenye uwakili, ukarani na ualimu mijini. Baada ya uhuru wa 1947 zikaja sheria za ardhi, ikiwemo ya 1961 iliyoweka kikomo cha eneo ambalo mtu anaweza kumiliki. Wenye mashamba wengi wakauza wakahama.

Hapa nitasema ninaloliamini. Siwezi kuililia ardhi ile. Waliolima mpunga uliowalisha wasanii walikuwa watu wa matabaka mengine, ambao hawakuruhusiwa kupanda jukwaani. Kuwapa wakulima haki yao lilikuwa jambo jema, na jambo hilo jema liliing'oa sanaa hii mizizi. Yote mawili ni kweli, na anayetaka kuielewa Bhagavata Mela ayabebe yote mawili.

Sanaa hiyo ilikuwa ikichezwa katika vijiji kadhaa vya Thanjavur: Soolamangalam, Oothukadu, Nallur, Saliyamangalam, Thepperumanallur. Vingi vilinyamaza. Melattur yenyewe ilikuwa imedhoofika vibaya kufikia miishoni mwa karne ya 19, akaja Natesa Iyer, aliyeitwa Bharatam Natesa Iyer kwa ubingwa wake wa ngoma. Aliwakusanya waigizaji, akawafundisha, na yeye mwenyewe alikuwa maarufu kwa nafasi za kike, Lilavati hasa. Alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1930 michezo ikakatika. Mwaka 1938 V. Ganesa Iyer na wenzake wakaianzisha tena. Katika miaka ya 1950 akaingia E. Krishna Iyer, mwanasheria wa Madras aliyekwishapigania sadir, ngoma iliyokuwa ikichezwa na wanawake wa mahekaluni, mpaka ikapata heshima mpya kwa jina la bharatanatyam. Akaandika, akahutubia, akawaleta wataalamu na wahakiki kutoka mjini waje kuketi chini kijijini usiku kucha.

Ukiyatazama kwa karibu, watu hawa hawakufanya kazi moja. Natesa Iyer alifufua watu: alitengeneza waigizaji kutoka kwa vijana waliokuwepo. Ganesa Iyer alirudisha sikukuu, yaani desturi ya kukutana kila mwaka. Krishna Iyer alifufua jina. Alifanya India ijue kwamba kitu hiki kipo na kina thamani, na bila jina hilo serikali na wafadhili wasingekigeukia. Lakini jina halikeshi. Lingeweza kukua mjini huku kijiji kikiwa kimya.

Ndivyo ilivyokaribia kuwa. Mmoja wa mabwana wa Melattur, Balu Bhagavatar, alishirikiana na Rukmini Devi Arundale, mwanzilishi wa Kalakshetra, shule ya sanaa iliyofunguliwa Madras mwaka 1936. Pamoja wakaziandaa upya baadhi ya tamthilia za Sastri, ikiwemo Usha Parinayamu, kwa jukwaa la kisasa, na wanawake wakacheza. Kazi ile ilikuwa ya ufundi wa hali ya juu na iliokoa mengi ya muziki. Hata hivyo watazamaji walikaa vitini, wakarudi nyumbani wakalala. Ilikuwa tamthilia nzuri. Haikuwa Bhagavata Mela, na sioni kosa katika kulisema hilo, kwa sababu kila moja ina heshima yake.

Ili kuona njia nyingine ilivyokuwa inaweza kwenda, tazama ndugu yake wa damu, Kuchipudi. Inatoka kijiji chenye jina hilo huko Andhra Pradesh, nayo ni ya Kitelugu, ya wanaume wa Kibrahmani, ya kumsifu Vishnu katika umbo la Krishna. Masimulizi yake yanasema kijiji kile kilitolewa kwa wachezaji na sultani Mwislamu, Abul Hasan wa Golconda, katika karne ya 17, baada ya kupendezwa na mchezo wao. Inasimuliwa pia kwamba mwasisi wao, Siddhendra Yogi, aliagiza kila mwanamume wa kijiji acheze nafasi ya Satyabhama, mke mwenye wivu na fahari wa Krishna, japo mara moja maishani. Satyabhama akiingia hutupa msuko wake mrefu uliopambwa juu ya pazia kabla sura yake haijaonekana. Ni changamoto: anayejiona anamshinda ngoma, aje aukate.

Kuchipudi ilifungua mlango. Vedantam Lakshminarayana Sastri alianza kuwafundisha wanawake na kukuza ngoma ya mchezaji mmoja. Vempati Chinna Satyam akahamia Madras akafungua chuo chake mwaka 1963, na wanafunzi wake wakaisambaza duniani. Leo Kuchipudi inafundishwa katika miji mingi nje ya India, na nyota wake wengi ni wanawake. Haina hatari ya kufa. Ila ile tamthilia ya usiku, pamoja na waigizaji wa kiume wa nafasi za kike kama alivyokuwa Vedantam Satyanarayana Sarma, Satyabhama aliyetukuka kuliko wote wa karne ya 20, ndiyo sasa inayohitaji kuokolewa ndani ya sanaa iliyookoka.

Melattur haikuufungua mlango huo. Wachezaji bado ni wanaume, wengi wao wa familia zilezile za kale. Kuna wanaosema ndiyo sababu itakufa. Inawezekana, na mimi ningependa siku moja nione binti wa kijiji akiimba sehemu ya Lilavati pale mbele ya hekalu. Sioni Mungu aliyetoka ndani ya nguzo kumtetea mtoto akichukizwa na hilo. Lakini uamuzi huo ni wa wachezaji wenyewe, ambao kwao kucheza ni nadhiri, na sisi wa mbali tunaotazama video tuna haki ya maoni tu.

Kinachonigusa ni jinsi nadhiri hiyo inavyotekelezwa sasa. Wachezaji wengi hawaishi tena kijijini. Wana kazi Chennai, Bengaluru na kwingineko, katika benki, ofisi na makampuni. Mei ikifika wanaomba likizo, wanapanda treni na mabasi, na kwa siku chache kijiji kinajaa tena. Mazoezi yanabanwa kwenye muda mfupi. Mhasibu anakuwa malkia, mhandisi anakuwa mfalme dhalimu. Hawachezi kwa ajili ya mshahara. Uchezaji ni sadaka yao. Tangu miaka ya 1960 vimekuwepo vyama rasmi vya kuendesha sikukuu, na Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za maonyesho, imewahi kusaidia na kutunuku. Leo Melattur ina makundi mawili yanayocheza, kila moja na sikukuu yake, baada ya jamaa kutofautiana. Wapo wanaosikitika kwa mgawanyiko huo. Mimi naona mwali mdogo uliogawanyika bila kuzimika: watu hawagombani juu ya kitu kisichokuwa na thamani kwao.

Ukiuliza basi msaada wa kweli ungekuwa upi, jibu halina mvuto mkubwa. Rekodi zipo na zinafaa, lakini mwigizaji wa nafasi ya Hiranyakashipu haijifunzi kwenye rekodi. Huanza utotoni akiwa Prahlada, sauti ikivunjika hupewa nafasi ndogo, akikomaa hukabidhiwa malkia au mfalme, na muda wote huo amekuwa akimtazama mzee anayeicheza nafasi hiyo, msimu baada ya msimu, mpaka pumzi ya mzee imeingia katika pumzi yake. Kinachohitajika ni miaka mingi ya likizo za Mei, na wazazi wanaokubali mwanao akose mengine kwa ajili ya hili. Kitelugu nacho kinafundishwa hivyohivyo, mstari kwa mstari, kwa watoto ambao shuleni wanasoma Kitamil na Kiingereza.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla hata ya kufikiria nani atavaa barakoa ya simba, lazima apatikane mtoto wa kucheza Ganapati. Awe mdogo kiasi cha kuonekana mzigo wa kichwa kile cha tembo ni mkubwa kwake, na awe mtulivu kiasi cha kutoogopa taa na umati. Babu au mjomba humfunga njuga miguuni, akizikaza mara mbili kwa sababu miguu ni myembamba. Humwonyesha sanamu iliko ili ajue upande wa kuangalia. Halafu matoazi yanapigwa, pazia linashushwa, na mtoto anaanza kucheza huku akihesabu kimoyomoyo.